Yule mtoto wa Peter Pan alipotelea wapi, na je, binti yangu aigize?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Buruburu, nalifupisha kidogo: "Mwalimu, binti yangu ana miaka 13, yuko Grade 8, amepita odisheni ya kipindi cha TV na wanataka tusaini wiki ijayo. Baba yake amekataa katakata. Ameskia mahali kwamba yule mtoto aliyetoa sauti ya Peter Pan alikufa peke yake akazikwa bila jina, ati wazazi wake na Disney walikula pesa yake yote. Ni ukweli? Na mtu anatokaje kwa Oscar mpaka hapo? Nisaini ama niachane nayo?"

Mama, asante kwa swali. Nianze na baba watoto, manake kwa sehemu kubwa ako sawa. Huyo mtoto aliitwa Bobby Driscoll, na ndio, alikufa peke yake, na ndio, alizikwa bila jina. Hiyo ya kuliwa pesa ndio siikubali, na si jambo dogo, juu mkishaamini shida ilikua pesa mtaenda kuchunga pesa peke yake alafu mtoto aharibikie mahali hamkuwa mnaangalia.

Bobby alizaliwa Machi 3, 1937, Cedar Rapids, jimbo la Iowa, hiyo ni Marekani ya mashamba ya mahindi, mambo ya sinema iko mbali kabisa. Baba yake alikua anauza vifaa vya kuzuia joto na baridi kwa manyumba, asbesto ikamharibu mapafu, daktari akamshauri ahame, wakafika Los Angeles 1943. Hakuna mtu kwa hiyo familia alikua anawaza kuigiza. Mtoto akapelekwa kunyolewa, kinyozi akaona huyu ana sura na ana mdomo, na kijana wa huyo kinyozi tayari alikua anaigiza, basi kinyozi ndio akawaunganisha na studio ya MGM. Inasimuliwa kwamba siku ya odisheni Bobby aliona meli ya maigizo imesimamishwa ndani ya studio akauliza, sasa maji iko wapi? Dairekta akafurahi, akampea kasehemu kadogo kwenye filamu inaitwa Lost Angel. Alikua na kama miaka 6. Nawaambianga wanafunzi wangu wasikonde sana na zile foleni za odisheni, manake huyu aliingilia kwa kinyozi.

Kufika 1946 akatokea kwa Song of the South ya Disney, na yeye pamoja na msichana anaitwa Luana Patten ndio waigizaji wa kwanza kabisa Disney kuwaweka kwa kandarasi, kwa sababu kabla ya hapo ile ilikua nyumba ya katuni na michoro haidai mshahara. 1949 ndio mwaka wake mkubwa. Studio nyingine, RKO, ilimuazima ikampa The Window, filamu ya mtoto mwenye amezoea kutunga uongo, usiku mmoja anashuhudia jirani wakiua mtu na hakuna anaemwamini, si mama si polisi, na hao jirani washajua ameona. Kama hujawahi kuiona itafute, uiangalie usiku ukiwa umefunga mlango, ni filamu fupi na huyo mtoto ameibeba yote mgongoni. Kwa hiyo kazi na nyingine ya Disney ya mwaka huo huo akapewa Oscar maalum ya watoto, Machi 1950, miaka 13 kamili. Umri wa binti yako.

Mwaka huo huo ikatoka Treasure Island, yeye akiwa Jim Hawkins, filamu ya kwanza ya Disney iliyoigizwa na watu watupu bila katuni hata kidogo. Waliipigia Uingereza, na kukawa na kisanga: mtoto hakuwa na kibali cha kufanya kazi kule, kesi ikafika kortini, faini zikapigwa, na dairekta ikabidi akimbizane kupiga picha zote za karibu za Bobby kabla hawajamrudisha Marekani. Nimeiweka hii hapa kwa sababu moja tu. Watu wazima waliojaza hapo wote, wakubwa wa studio na mawakili wao, hakuna aliyehakikisha karatasi za mtoto ziko sawa. Utaona baadae kwa nini narudi kwa karatasi.

Alafu Peter Pan, ile katuni ya Disney ya mtoto anayekataa kukua. Ile sauti unaskia ni ya Bobby, na si sauti tu, wachoraji walimpiga filamu akiigiza ndio waige uso wake, kwa hivyo watoto wetu wakiangalia ile katuni hapo Buruburu bado wanamuona yeye, ni vile hawajui. Ilitoka Februari 1953. Machi, yaani wiki chache tu baadae, Disney ikavunja kandarasi yake. Alikua anafikisha miaka 16. Sababu iliyotolewa ilikua chunusi, ati uso ulikua umeharibika mpaka unahitaji mekapu nzito. Kila anaeandika juu ya Bobby akifika hapa hutengeneza mashairi, mtoto aliyekataa kukua na nini na nini. Mimi naruka hiyo, manake kijana wa miaka 16 kupata chunusi ni jambo la kawaida kama mvua ya Aprili, na studio ilijua tangu siku ya kwanza kwamba siku moja atakua. Walimtaka akiwa mdogo, akaacha kuwa mdogo, basi.

Sasa hapa ndio nataka uketi na baba watoto msome polepole.

Miaka hiyo yote Bobby alisomea Hollywood Professional School, shule ya watoto waigizaji, ratiba inafuata studio. Kazi ilipokatika wazazi wakamtoa huko wakampeleka shule ya kawaida ya sekondari, University High, na nawaelewa kabisa, walitaka arudi kuwa mtoto kama wengine. Lakini hakuna kurudi mahali hujawahi kuwa. Huyu kijana hakua amewahi kucheza mpira wa mtaa akapigwa chenga akachekwa, hakua na rafiki wa tangu nasari, na wenzake walimjua tayari kutoka kwa skrini wakamfanya kichekesho. Yeye mwenyewe baadae alieleza kwamba alijaribu sana kuwa mmoja wao, wakamkataa, akaanza kujitetea kwa ukali na kiburi, na muda huo wote ndani alikua anaogopa. Ukitaka kujua dawa za kulevya zilianzia wapi, zilianzia hapo shuleni. Aliomba mwenyewe arudishwe ile shule ya kwanza, akarudishwa, akamaliza 1955. Lakini kufikia hapo kashaingia.

Kwa hivyo ukiniuliza alitoka aje Oscar mpaka kaburi bila jina, jibu langu ni hiyo shule. Si Hollywood yote, si umaarufu, hata si Disney peke yake, ingawa Disney sitaitetea. Ni kwamba kuanzia miaka 6 mpaka 16 kila mtu mzima aliyemjali alimjali kupitia kazi, kila rafiki alikua wa kazi, hata darasa lilikua la kazi, na kazi ilipoisha siku moja vyote viliondoka pamoja. Mtu mzima akifutwa kazi anarudi nyumbani kwa watu wenye walimjua kabla ya kazi. Bobby hao watu hakua nao, wazazi tu, na wao pia maisha yao California yalikua yameshajengwa kuzunguka yeye.

Yaliyobaki nitayapitia haraka, hayana utamu. 1956 akashikwa na bangi, mwaka huo huo akaoa wakiwa bado wadogo wote wawili, wakapata watoto 3, ndoa ikavunjika. Filamu yake ya mwisho ya maana ilikua 1958. 1960 Hollywood wakamuwekea nyota yake kwa ile barabara ya mastaa, na mwaka uliofuata mwenye nyota akafungwa kwa kituo cha kurekebisha watumiaji wa dawa huko Chino, California. Alipotoka hakuna aliyemuajiri. Kuna maneno yake yamebaki, kwamba alibebwa kwenye sinia ya fedha alafu akamwagwa kwa takataka. 1965 akaenda New York, akazunguka na wale wasanii wa Andy Warhol, mchoraji maarufu wa huko, na hapa niseme kitu watu huwa wanasahau, Bobby alikua msanii mzuri wa kubandika vipande vya picha na karatasi, wanaita collage, kazi zake chache zilizobaki zinaheshimika. Pesa ikaisha.

Machi 30, 1968, watoto wawili wakicheza ndani ya jumba lililoachwa huko East Village, mtaa wa New York, wakaukuta mwili. Moyo ulikua umesimama, mishipa imeharibiwa na dawa. Miaka 31. Hakua na kitambulisho, polisi wakazungusha picha yake mtaani, hakuna aliyemtambua, basi akapelekwa Hart Island, kisiwa ambacho New York huzika watu wasio na wa kuwadai, zaidi ya milioni moja wako hapo na miaka hiyo makaburi yalichimbwa na wafungwa. Mwaka uliofuata baba yake akawa mahututi, mama akaanza kumtafuta kijana waonane hata mara ya mwisho, akawaomba watu wa Disney wamsaidie, na alama za vidole ndio zikatoa jibu kwamba kijana alishazikwa. Magazeti yalikuja kujua miaka kadhaa baadae, wakati Song of the South ilirudishwa kwa majumba ya sinema na waandishi wakaanza kuuliza yule mtoto ako wapi.

Ona hiyo tena. Mama ndio alimtafuta. Hakuna kesi hapa ya wazazi walioiba. Naona baba watoto amechanganya na mtoto mwingine, Jackie Coogan, na hiyo ndio kesi ya pesa kwelikweli. Coogan ndio yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin kwenye The Kid, 1921, akawa labda mtoto anayejulikana kuliko wote duniani wakati huo. Akapata pesa inayokadiriwa dola milioni 3 hadi 4, za wakati huo, hebu fikiria. Baba yake akafa kwa ajali ya gari 1935, mama akaolewa na yule aliyekua mshauri wao wa pesa, na Jackie alipouliza mgao wake akaambiwa hakuna kitu, manake sheria ya California ilisema pesa ya mtoto ni ya mzazi. Akaenda kortini 1938. Baada ya mawakili kulipwa akabaki na kama dola 126,000. Ila kelele ya kesi ilikua kubwa hivi kwamba 1939 California ikapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Hapo mwanzo ilikua na mianya mingi, ilikuja kukazwa mwaka 2000, na sasa asilimia 15 ya malipo ya mtoto lazima iingie kwa akaunti ambayo mzazi hagusi.

Sasa linganisha hao wawili. Coogan aliliwa pesa, akapotea kwa skrini miaka mingi, lakini akaenda vita vya pili vya dunia akarusha ndege zisizo na injini huko Burma, akarudi, akahangaika na kazi ndogondogo, alafu 1964 akaibuka kwa TV akiwa Uncle Fester wa The Addams Family, mzee mwenye kipara, wengi hata hawakujua ni yule yule mtoto wa Chaplin. Akafa 1984 akiwa mzee. Bobby alianza kazi sheria hiyo ya pesa ikiwa tayari imepita na ona alikoishia. Ndio nasema pesa ni muhimu, lakini si pesa ilimuua.

Na kupotea kwenyewe, hiyo kusahaulika inayoogopesha watu, mimi nadhani tunaiogopa bure. Peter Ostrum ndio alikua Charlie kwa filamu ya kiwanda cha chokoleti ya 1971. Wakampa kandarasi ya filamu 3 zaidi, akakataa, akarudi kwao Ohio, akapenda farasi, akasoma, akawa daktari wa mifugo anatibu ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa New York maisha yake yote ya kazi. Hajulikani barabarani. Amewahi kusema malipo ya marudio ya ile filamu yalikua yanakuja dola 8 ama 9 kila miezi mitatu, na anasema akicheka. Shirley Temple, aliyekua mkubwa kuliko wote hao, aligundua kwamba kwa zaidi ya dola milioni 3 alizoingiza zimebaki kama 44,000, na bado akaja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana 1974. Wote wameacha filamu wakaishi.

Wa kufikiria zaidi kwa watu wa Nairobi ni Shafiq Syed. Huyu alikua mtoto wa mtaani, alitoroka Bangalore akaingia Mumbai, akachukuliwa kuigiza mhusika mkuu wa Salaam Bombay!, 1988, na India ikampa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora mtoto. Filamu ikashindania Oscar. Kazi nyingine haikuja, akarudi Bangalore akawa dereva wa tuktuk. Watu huisimulia kama aibu, mimi sioni aibu kwa tuktuk, mtu anaendesha na anasomesha watoto. Swali langu huwa kwa waliomtengeneza nyota: mmemchukua mtoto bila shule, mmepiga naye picha, mkimaliza mnamrudisha wapi? Wenye ile filamu angalau walifungua shirika la kusaidia watoto wa mtaani, na linafanya kazi mpaka leo. Wengi hapa kwetu wakija Kibera ama Mathare na kamera, mtoto hupewa fulana na soda.

Haya, tuje kwa karatasi yako.

Ile asilimia 15 ni ya California, hapa usingoje sheria ikuwekee, andikeni wenyewe kwa kandarasi. Binti hajafika miaka 18 kwa hivyo wewe ndio unasaini, na ukisaini umemsainia yeye, soma kila ukurasa, tafuta wakili hata wa saa moja tu, itakuokoa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi pekee, isiyomdhuru na isiyomkosesha masomo, hiyo uwe nayo mdomoni ukiongea na prodyusa. Malipo yasiingie kwa M-Pesa yako, nakuambia kwa upendo, pesa ikiingia pale rent na unga na harambee ya shemeji zinaijua njia. Fungua akaunti ya mtoto benki, iandikwe kwa kandarasi kwamba sehemu fulani, mimi ningesema nusu, inalipwa huko moja kwa moja. Uliza pia kuhusu marudio na mitandao, kipindi kikirushwa tena ama kikiwekwa YouTube miaka kumi analipwa ama halipwi? Wengi huandika malipo ni mara moja tu na basi. Unaweza kukubali, lakini ukubali ukijua.

Alafu shule, na hapa usilegee hata kidogo. Mwaka ujao ni Grade 9 na kuna mtihani wa kitaifa wa KJSEA. Omba ratiba ya kushuti iandikwe, siku za wikendi na likizo kwanza, na kama lazima siku ya shule, basi saa zihesabiwe na kuwe na mtu wa kumfundisha. California mtoto wa shule akiwa seti lazima apate masaa 3 ya masomo kwa siku, kwa hivyo usiambiwe ati hiyo haiwezekani kwa tasnia. Usimhamishe shule kwa sababu ya kipindi. Usimtoe kwaya ya kanisa, wala netiboli, wala kwa wale marafiki wake wa kelele hapo kwa geti, hata kama dairekta anasema anachoka. Akichoka apunguziwe siku za kushuti, hizo zingine zikae.

Na muulize yeye pia, baba akiwa hayuko na wewe ukiwa umeweka simu chini, kwamba wakikataa kumrudisha msimu wa pili atasikiaje. Akikuambia atafanya kitu kingine, sawa. Akikuambia maisha yake yatakua yameisha, subirini mwaka mmoja, odisheni haziishi Nairobi, na tamasha za drama za shule zipo kila mwaka aanzie huko akiwa na wenzake wa darasa.

Ukiniuliza mimi, ningesaini, kwa hayo masharti. Wakikubali ya pesa wakakataa ya shule, usisaini. Na kwa baba watoto, wacha kandarasi iseme mzazi mmoja lazima awe seti kila siku mtoto akiwa anashuti, mahali anaweza kumuona ama kumskia, kule California ndio sheria kwa wote walio chini ya miaka 16, alafu huyo mzazi wa siku ya kwanza awe yeye.